Mfalme Aliyempisha Baba Yake Mdogo

Masunga mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Lamadi kumuaga bibi yako, na mimi leo sikufungua kibanda. Wateja wamepita wakauliza kama kuna msiba. Nikawaambia hakuna msiba, mtoto wangu anasafiri kesho. Yule fundi baiskeli akasema, "Sasa mama Masunga, si ndiyo ungetupikia pilau la kumuaga?" Nilicheka, lakini sikuwasha moto. Nimekaa kwenye kitanda chako, begi lako liko miguuni pangu, na ninakuandikia kwa sababu nikisubiri kukuambia kwa mdomo utasema, "Mama, nishasikia," na mimi nitanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote.

Sitakuandikia habari za kufua wala za kula. Umekulia jikoni, huwezi kufa njaa popote penye mchele. Mambo ya pasipoti na viza umeyafanya mwenyewe, mimi nilikuwa nakaa tu kwenye benchi nakushikia maji. Huko chuoni Thanjavur, India, atakupokea Injinia wa kiwanda cha pamba niliyemfanyia kazi, na Injinia anakujua tangu ulipokuwa unachezea matope mlangoni pake. Kwa hiyo safari yako hainitishi. Kinachonitisha ni stendi ya Bariadi kesho asubuhi, kabla hujapanda basi la Mwanza.

Unajua kwamba baba mdogo wako Shija anakuja kutoka Lingeka na mzee mmoja wa jirani yake. Anataka useme mbele ya mzee huyo kwamba ng'ombe wa marehemu baba yako umemwachia. Anahamia Katavi na mifugo yote, anasema huku malisho yamekwisha, na hataki siku moja aje kuulizwa. Na juzi, wakati unapiga pasi shati lako, wewe mwenyewe ulisema, "Mama, mimi nakwenda kusomea umeme. Ng'ombe wa nini? Nitamwambia achukue, yaishe." Ulisema kwa upole kabisa, hukuinua hata macho. Mimi nikaenda nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Naomba usiseme hilo neno. Hili ndilo ninaloandikia barua yote hii. Mengine yanayofuata ni kukueleza kwa nini, na nikikueleza lazima nirudi nyumbani kwa Paati, mama yake Injinia, maana huko ndiko nilikojifunzia.

Unakumbuka ile nyumba? Nyumba za maofisa nyuma ya kiwanda cha pamba, ile yenye mlango wa bluu. Msimu wa pamba nyuzi zilikuwa zinapeperuka mpaka zinaganda kwenye wavu wa dirisha, na mimi kila asubuhi nilikuwa napangusa, na jioni zimerudi. Nilipoanza kazi pale nilikuwa binti tu, ingawa nilishakuwa mjane. Watu wakiniona na wewe walidhani wewe ni mdogo wangu. Baba yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, Kabula yuko mgongoni, wewe umenishika gauni. Mke wa Injinia alinitazama kwanza miguu, nilikuwa pekupeku, halafu akasema kitu kwa lugha yao kwa mama mkwe wake aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anachambua dengu. Yule bibi akanyanyua uso akaniuliza, "Wewe iko njaa?" Sikujibiwa kama nimepata kazi au sijapata. Nililetewa sahani.

Huyo ndiye Paati. Kwao ni kama kusema bibi, na sisi tulimwita hivyohivyo mpaka alipofariki. Kila asubuhi alikuwa anachora maua chini mlangoni kwa unga wa mchele, na wewe na kuku wa jirani mkawa mnashindana nani atayaharibu kwanza. Alikuwa anakufukuza na mwiko. "Masunga! Wewe hapana mtoto, wewe tembo!" Halafu dakika hiyohiyo anakuita uje ule. Ile mikate yao ya maji, ya mchele na dengu zilizochachuka, ulikuwa unakula ukiwa umekaa juu ya gunia, miguu inaning'inia, na yeye anasimulia. Kila siku mfalme. Mimi naosha vyombo, yeye mfalme. Ninakatakata vitunguu, mfalme.

"Mfalme hii jina yake Rajaraja," alikuwa anasema. "Ya kwetu. Ya Watamili. Kubwa sana. Ulaya hapana jua yeye, basi wewe sema nani mjinga."

Ukienda huko wenzako watakuwa wanamjua toka shuleni, kwa vitabu. Sisi tumemjua kwa harufu ya samli. Kwa hiyo nakuandikia nilivyompata mimi, ili usije ukaona aibu wakikusahihisha.

Mfalme huyu zamani sana, zaidi ya miaka elfu, alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa mfalme wa Chola. Kaka yake aliyekuwa arithi kiti aliuawa. Baba yao naye akafa kwa majonzi. Na mama yake, inasemekana, aliingia motoni na mumewe, kama walivyofanya wake wengine wa wafalme wa kule zamani. Siku Paati aliponisimulia kipande hicho, sufuria ilinitoka mkononi. Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akasema, "Dada yake iko. Dada nalea." Akaendelea na dengu zake kama kwamba hajasema kitu. Nilimaliza vyombo. Nilipofika nyumbani usiku ule nilikulaza, nikamlaza Kabula, nikakaa kati yenu. Nilimfikiria yule malkia kwa muda mrefu. Walimsifu, wakamwandika kwenye mawe. Mimi sikumwonea wivu, mwanangu. Mimi siku ya kumaliza msiba nilikuuliza kama unataka uji wa sukari au wa chumvi, ukasema wa sukari, nikaenda kutafuta sukari. Sukari hiyo ndiyo imenishikilia duniani mpaka leo.

Basi, watu wa nchi ile walimtaka kijana awe mfalme. Lakini alikuwepo binamu wa marehemu baba yake, ambaye kwa hesabu yetu sisi ni baba mdogo, naye alikitamani kiti. Kijana angeweza kukichukua, watu walikuwa upande wake. Akasema hapana, maadamu baba yangu mdogo anakitaka, mimi nitamngoja. Akampisha. Akakaa miaka mingi pembeni, baba mdogo anatawala.

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na kosa lenyewe unalijua kwa sababu umenitania nalo tangu ukiwa darasa la tano. Niliipenda sana sehemu ya kumpisha. Nilikusimulia hiyo tu. Kila ulipouliza, "Mama, ng'ombe wa baba wako wapi?" nilikuwa nakwambia, wako kwa baba mdogo, na wewe fanya kama mfalme, ngoja. Ilikuwa rahisi kwangu. Mjane kijana akianza kuuliza habari za ng'ombe, ukoo unaanza kuuliza habari za mjane.

Na ile ya ngozi ndiyo ilitoka hukohuko. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe akutunzie, maziwa ni yake, mbolea yake, anawalimia, lakini ng'ombe ni wako na uzao wake ni wako. Akifa mmoja, mtunzaji anakuletea ngozi, uone kwa macho kwamba kafa kweli. Shija alifanya hivyo mara ya kwanza. Alikuja na ngozi imekunjwa nyuma ya baiskeli, akaifungua pale uani. Ilikuwa ya yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ambaye baba yako alikuwa anamwimbia. Niliikunja mwenyewe haraka. Nikamwambia, "Shemeji, usiniletee tena hizi. Sisi ni ndugu, ukiniambia kafa nitaamini." Na kweli hakuleta tena. Na kila mwaka wa ukame nikawa naambiwa tu kafa fulani, kafa fulani, nami naamini. Ulipokua kidogo ukanambia, "Mama, wewe ndiyo mtu pekee Usukuma nzima aliyekataa ngozi." Ulikuwa unacheka. Sikukasirika, lakini nilikwenda kulala mapema.

Sehemu ambayo sikuishika ya habari ya mfalme, Injinia ndiye alinielewesha, na ni mwaka ule wa mwisho kabla hawajarudi kwao. Alikuwa anakunywa kahawa yake kwenye kile kikombe cha bati, Paati anasimulia kumpisha kwa mara ya mia. Paati alikuwa pia na uongo wake, unakumbuka, kwamba hekalu kubwa alilojenga mfalme huko Thanjavur kivuli chake hakigusi chini. Injinia akasema, "Amma, mimi nimekaa kwenye kivuli hicho nakula karanga." Paati akamtupia kitambaa. Tukacheka wote. Halafu Injinia akanigeukia, Kiswahili chake kilikuwa kizuri, akasema, "Mama Masunga, lakini usifikiri alimpisha hivihivi. Walikubaliana. Baba mdogo atatawala, na baada yake ni huyu. Ikatangazwa. Huyu kijana hakusema hata siku moja kwamba yeye si mtoto wa baba yake."

Nilikuwa nimeshika ndoo. Nikaiweka chini.

Mwanangu, kumbe kuna kumpisha mtu, na kuna kujifuta. Nilikuwa nimekufundisha kupisha, na wewe kesho unakwenda kujifuta, na unadhani ni kitu kilekile. Ndiyo maana ulikuwa unapiga pasi kwa utulivu vile.

Sitaki umwone mfalme huyo kama malaika. Alipopata kiti alipiga vita kila upande. Alivuka bahari akaingia Sri Lanka, na mji wao mkuu wa zamani ukavunjwa. Hayo Paati alikuwa anayaruka, Injinia ndiye aliyatia. Mama wa huko nao walikuwa na watoto. Ukikutana na mtu wa Sri Lanka chuoni, usimsimulie Rajaraja kama tulivyosimuliwa sisi.

Lakini kuna kitu alichofanya ambacho mimi, mtu wa kidato cha nne kilichoishia njiani, nakipenda kuliko vita vyake vyote. Hekalu lilipokwisha, aliamuru zichongwe ukutani zawadi zilizotolewa: alizotoa yeye, alizotoa dada yake mkubwa, walizotoa wake zake, na walizotoa wengine. Dada baada yake tu! Yule dada aliyemlea, Kundavai. Na wengine wako humo kwa majina, wacheza ngoma wa hekalu na nyumba walizopangiwa, hata wachungaji. Paati akifika kwa wachungaji alikuwa anainua kidole. Mfalme aliwapa kondoo karibu mia kwa kila taa moja, wao walete samli ya taa hiyo, kila siku, isizimike. Na kondoo hao wakaitwa wasiokufa wala wasiozeeka.

Nilimwambia, "Paati, acha. Kondoo gani hafi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Moja nakufa, mtoto yake nasimama pale. Hesabu hapana shuka. Wewe Msukuma gani hapana jua?"

Nilijua. Nilijua sana. Nilikuwa nimejifanya sijui tu.

Na hapo kuna Kabula. Wewe una chuo, una Injinia, una mikono ya kazi. Kabula yuko kidato cha pili. Ukisema kesho "nimekuachia", umeachia na vyake, na hakuna mtu atakayemuuliza, kwa sababu ni msichana na wanadhani ataolewa aende. Wewe ndiye mlango wake wa kuingilia kwenye boma la baba yake. Ukiufunga kwa kuona uvivu wa kubishana stendi, mimi sina ufunguo mwingine.

Nilikuwa nimefika hapo nikasikia pikipiki uani.

Sasa ni jioni, nimerudi kuandika. Alikuwa ni Shija. Kaja leo badala ya kesho kulala kwa rafiki yake hapa mjini. Akapiga hodi, "Mwadila, shemeji," nikaitikia, nikampa kiti, nikawasha moto niliokataa kuwawashia wateja. Akauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia Lamadi. Akanywa chai. Akasema, "Basi mwandae kijana. Neno lenyewe ni dogo, dakika moja."

Nikamwambia, "Shemeji, hatasema hilo neno."

Akacheka. "Amekwambia hivyo?"

"Hajaniambia. Mimi ndiye nakwambia. Ng'ombe wana wenyewe wawili. Mmoja anasafiri, mmoja yuko shule."

Akaweka kikombe chini. Akaanza habari ya ukame, miaka ile miwili, jinsi walivyolala chini na wasiinuke. Nikamwambia sibishi, najua ukame ulikuwepo, na sisi huku tulikula uji. Akasema, "Na ngozi ulikataa mwenyewe. Mbele ya mke wangu ulikataa."

"Ndiyo. Nilisema nisione ngozi. Sikusema nisione ndama."

Masunga, sijui ilitoka wapi. Nikaona nimeshaanza, nikamsimulia kondoo wa mfalme, wote, na taa na samli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mfalme wako Msukuma wa wapi?"

"Wa India."

"Muongo. Huyo katoka Meatu."

Nikacheka, na yeye akacheka, na nilikumbuka kwamba anacheka kama baba yako, kwa pua. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote nilikuwa namkwepa, nimekwepa na hicho kicheko pamoja. Shija si mwizi, nataka ulijue hilo. Ni mtu ambaye hakuulizwa kwa muda mrefu, akazoea. Mtu yeyote angezoea.

Lakini sikulegeza. Nilimwambia maziwa aliyokunywa ni halali yake, mashamba aliyolima nao ni halali yake, na namshukuru kwa kuamka usiku fisi wakilia. Akitaka kwenda Katavi aende na wake. Wa kaka yake wabaki Lingeka. Akasema, "Nani atawachunga, wewe?" Nikamwambia mwanawe mkubwa haendi Katavi, anabaki na shamba la pamba, basi wabaki naye kwa utaratibu uleule. Na wakishamaliza kuvuna nitakuja na Kabula, tusimame mlangoni mwa boma jioni wanaporudi malishoni, aoneshwe mmojammoja, huyu ni uzao wa nani, yule wa nani.

"Kabula?" akasema. "Mtoto wa kike?"

"Mtoto wa kaka yako."

Chai ilipoa. Kabula mwenyewe aliingia kutoka shule wakati huo, akampigia magoti kumwamkia, akamuuliza bila aibu, "Baba mdogo, kwani kuna ndama mweusi?" Kumbe alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Shija akamtazama, akanitazama mimi. Akasema, "Yupo. Mkorofi kama wewe." Halafu akaninong'oneza, "Shemeji, siku hizi unaongea kama mwanaume." Nikamwambia naongea kama mama yao. Akaomba chai nyingine, ya moto. Alipoaga alisema yule mzee hatamwita, na kesho atakuja stendi kukupakilia begi tu.

Usidhani nimeshinda. Ng'ombe wenyewe ni wachache kuliko wanavyopaswa kuwa, hilo nimeliona usoni mwake, na sitalifuata. Na sijui kama ulitaka nikuingilie. Pengine utasoma hapa useme mama amenichukulia neno mdomoni. Nimelichukua kweli. Nilikuacha tangu mdogo ubebe jambo ambalo lilikuwa langu kuuliza, na sikutaka uondoke nalo kwenye begi kuvuka bahari.

Siandiki haya ili urudi kwa ajili ya ng'ombe. Ukipata kazi huko, fanya kazi. Ukipata mke huko, nitajifunza kusema jina lake. Nilitaka tu kama ukirudi, hata ukiwa mzee, ukifika Lingeka mtoto akuulize wewe ni nani, uwe na jibu ambalo hata yeye atakuwa ameshaambiwa.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu wa bodaboda. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya shati ulilolipiga pasi, utaikuta ukiwa mbali.

Kwa hiyo utakapoisoma, ya stendi yatakuwa yamepita, na utakuwa umeshangaa kwa nini baba yako mdogo alikuja bila yule mzee, akachukua begi lako kubwa akalipakia mwenyewe, na hakukuuliza kitu.

Mama yako